Silvano Ekiru Lokaale na Gari Lililoitwa Bado

Mapadre wetu, wazee wa mtaa wetu wa Nakwamekwi hapa Lodwar, madereva mlioegesha malori yenu kuanzia geti hili hadi barabara ya lami, majirani, na ninyi wageni wetu mliotoka Kakuma kabla jua halijatoka, ejok, hamjambo. Familia inasimama mbele yenu leo Jumamosi, tarehe 28 Septemba 2013, kuwasimulia safari ya mtu aliyemaliza zaidi ya miaka arobaini barabarani, na kabla ya kuanza inawaomba jambo moja, kwamba anayetaka kulia alie, na anayetaka kucheka asijizuie kwa kuogopa macho ya watu, maana marehemu mwenyewe katika mwaka wake wa mwisho alicheka kuliko miaka yote iliyotangulia, na sababu ya kicheko hicho ni sehemu ya historia yake, huwezi kuizika bila kuitaja.

Marehemu Silvano Ekiru Lokaale alizaliwa Lowarengak, kando ya ziwa, akiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1953, siku ambayo, kwa mujibu wa serikali, nusu ya watu wa Turkana walizaliwa kwa pamoja, lakini mama yake alishikilia mpaka kufa kwamba ilikuwa mwezi wa nne, mvua imenyesha siku tatu mfululizo, mbuzi wanatolewa majini kwa kuvutwa masikio, ndiyo maana mtoto akaitwa Ekiru, jina la aliyezaliwa na mvua, na familia imeamua kumwamini mama.

Mwaka 1962 alichukuliwa na katekista mmoja akaletwa Lodwar kuanza darasa la kwanza katika shule ya misheni, akabatizwa jina la Silvano siku ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1968, na mwaka huohuo akamaliza masomo yake ya msingi. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kuimba, lakini walimu wake walimkumbuka kwa jambo jingine, kwamba kila mchana, wenzake wakikimbilia uji, yeye alikwenda kwanza kufunika boneti ya gari la padre kwa gunia bichi, akisema chuma nacho kinasikia jua, na padre, badala ya kumcharaza kwa kuharibu gunia, akasema kwamba mtoto huyu Mungu amemuumba dereva, tatizo ni kwamba bado hajafika kwenye pedali.

Mwaka 1970 akawa utingo wa lori lililokuwa likileta unga na sukari kutoka Kitale hadi Lodwar, akakaa juu ya magunia miaka sita, na dereva wake akamfundisha sheria mbili alizozishika kama amri za Musa. Ya kwanza, injini ni punda, ukimchapa leo kesho utabeba mzigo mwenyewe, kwa hiyo panda gia mapema na mguu uwe mwepesi. Ya pili, gari haliachwi juani. Alipata leseni yake tarehe 11 Juni 1976, akabeba chakula cha msaada wakati wa njaa ya mwaka 1980, na kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992 akaajiriwa kuendesha malori ya chakula kati ya Lodwar, Kakuma na Lokichoggio, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2011 bila kupindua gari hata moja. Katika lori lake mshale wa mizunguko ya injini haukujua namba iliyo juu ya elfu mbili. Na kuhusu kivuli, mtu yeyote aliyeishi Lodwar anajua tunavyofanya hapa, asubuhi gari upande huu wa mwarobaini, mchana chini yake, alasiri upande wa pili, lakini marehemu alilifanya jambo hilo kwa bidii iliyotufanya wengine tuonekane wavivu, angeweza kuacha chakula mezani kikipoa ili asogeze lori hatua mbili.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa kanisani na Asekon Lopeyok, binti wa wavuvi wa Kerio, baada ya kukaa naye kimila tangu mwaka 1979, na Mungu akawajalia watoto watano na wajukuu kumi na mmoja, ambao majina yao yamo kwenye karatasi mliyogawiwa, kwa sababu tukianza kuyasoma yote jua litatuunguza hapa. Mama Asekon ni mfanyabiashara wa samaki wakavu, anawatoa Kerio na kuwauza katika soko la kambi Kakuma, na hatuwezi kuficha kwamba wawili hawa walikuwa maji na moto, mzee akisema neno moja, mama amekwisha kusema hamsini na kuanza upya. Katika miaka thelathini na minne ya kukaa pamoja mama hakumwomba mumewe kanga wala mkufu, alimwomba kitu kimoja tu, usukani, kwa sababu alichoka kusimama kando ya barabara na magunia yake akingoja huruma ya madereva wa watu, na kila alipoomba, mzee alijibu, "Siku moja." Alipokumbushwa kwamba subira yavuta heri, Mama Asekon alijibu kwamba yake imevuta mpaka kamba imekatika.

Sasa tunafika mwaka 2012. Mwezi wa tatu habari ya mafuta ilitangazwa, na Lodwar ikajaa wageni wenye viatu vinavyong'aa, mmojawapo akiwa mkandarasi kutoka Nairobi, aliyekuja mwezi wa sita akiendesha gari dogo jekundu la Kijapani, tumbo lake likikaribia kugusa ardhi, akapanga chumba katika boma la marehemu. Wiki hiyohiyo mgeni aliona watu wote wakihamisha magari yao kufuata kivuli, naye akaiga, akawasha, akasogea hatua tatu, akazima, na kuanzia hapo gari halikuwaka tena. Mafundi wa Lodwar walilifungua, wakachungulia, wakalifunga haraka kama watu waliofungua mlango wa chumba kisicho chao, na mwezi wa kumi mkandarasi, kazi yake imekwisha, alipanda ndege, akamwachia marehemu ufunguo na hati za gari kama zawadi ya shukrani kwa kukaa naye vizuri. Familia ilicheka, lakini mzee hakucheka, alilisukuma kila siku kwa mikono yake, asubuhi huku, alasiri kule, ili hata likiwa maiti lisife mara ya pili kwa jua.

Aliyelifufua yuko hapa nasi, naye ni Atem Bior, fundi wa magari katika kambi ya Kakuma, mzaliwa wa Sudan Kusini, ambaye kwa miaka minne aliwahi kufanya kazi Nairobi katika gereji ya vijana wanaoshindana kwa magari. Jumamosi tarehe 17 Novemba 2012 alikuwa Lodwar kutafuta vipuri, akaliona gari lile chini ya mwarobaini, akaanza kucheka peke yake, akachomoa plagi zikiwa zimelowa petroli, akazikausha, akazirudisha, akakanyaga mafuta hadi sakafuni huku akipiga stata, na gari likakohoa moshi mweupe uliowafanya majirani wawili waje na ndoo za maji, kisha likaunguruma. Akamketisha marehemu kwenye jiwe, akamwambia maneno ambayo leo kila mtoto wa Nakwamekwi anayajua kwa moyo, "Mzee, hii injini haina pistoni, ndani iko na kitu ya pembe tatu, inazunguka tu kama jiwe ya kusaga, hii haitaki huruma. Asubuhi usiikimbize, ngoja mshale ya joto ifike katikati, ikishapata moto usibadilishe gia mapema, wacha ipande, elfu nne, elfu tano, na kila siku mara moja uifikishe huko juu, elfu nane na nusu, mpaka ipige filimbi. Ukiibembeleza, masizi inajaa ndani, inakufa. Na kila ukiweka petroli uangalie oili, kunywa oili ni tabia yake, si ugonjwa. Na ukishaiwasha, usiizime kabla haijapata moto, hata kama nyumba inaungua."

Marehemu alishukuru, akamsindikiza Atem hadi kwenye basi la Kakuma, akarudi nyumbani, akaona kivuli kimeondoka juu ya gari, akaingia, akawasha, akasogea hatua mbili, akazima. Atem alirudi Jumanne. Mzee alijitetea kwamba hakuelewa habari ya injini kupata moto, kwani hapa Lodwar hata maji ya mtungini yana moto, chuma kitakuwaje baridi saa nane mchana, na Atem akamweleza tena, polepole, kwamba jua linaunguza bati tu, halijui kinachoendelea ndani ya injini. Ijumaa akafanya vilevile tena, mbele ya kanisa, na wiki iliyofuata mara ya tatu, mbele ya kituo cha petroli, na mara zote tatu alipoulizwa alikuwa ameshika kichwa, akisema si yeye, ni mkono, ukiona kivuli kimehama unakwenda wenyewe. Tusimcheke sana, ndugu zangu, maana mtu akifanya jambo jema kwa miaka arobaini, kisha akaambiwa sasa limekuwa kosa, anahitaji muda wa kuliaga.

Na shida haikuwa kivuli peke yake, ilikuwa gia. Barabarani, mshale ukifika elfu mbili, mkono wake ulipanda gia bila kumwomba ruhusa, gari likaguna, likatetemeka, likakosa nguvu hata ya kupita mkokoteni wa punda, na mzee akafurahi kwamba analitunza. Mama Asekon, aliyekuwa ameketi upande wa kushoto na gunia la samaki miguuni, ndiye aliyechoka kwanza. Safari moja, njiani kwenda Kakuma, aliweka kiganja chake juu ya gia ikiwa katika namba mbili, akakiacha hapo, na mkono wa mzee ulipokuja kama kawaida yake, ukakuta mlango umefungwa, na mama akasema neno moja, "Bado." Mshale ukapanda elfu tatu, mzee akasema injini inalia, mama akasema, "Bado," ukafika elfu tano, mzee akamtaja Bikira Maria, mama akasema, "Bado," elfu saba, elfu nane, na ile filimbi ndogo ikalia ndani ya dashibodi kwa mara ya kwanza tangu gari lije Turkana, ndipo Mama Asekon akaondoa kiganja na kusema, "Haya, sasa." Kilichotokea baada ya hapo marehemu alikisimulia mara nyingi kuliko alivyosimulia harusi yake, kwamba gari lilijikunjua kama mtu aliyelala vibaya miaka mingi, sauti ikawa nyembamba na safi, na yeye, mzee wa miaka hamsini na tisa, akajikuta anacheka kwa sauti hadi machozi, mkewe akimuuliza kama amerogwa.

Kuanzia siku hiyo gari likaitwa Bado, na mji mzima ukalijua kwa jina hilo. Kwa miezi kumi liliendeshwa na watu wawili, yeye akiwa na usukani na miguu, mama akiwa na uamuzi wa gia, na Jumapili, walipokuwa Kakuma, baada ya misa walikwenda kwenye uwanda ulionyooka kuelekea Kalobeyei kulisafisha koo, wakingoja kwanza mshale wa joto ufike mahali pake, kisha wakilipandisha mpaka lipige filimbi, wachungaji wakisimamisha ngamia wao kutazama, kina mama wa kambi wakipiga vigelegele. Ndani ya gari lile la kifahari kulinuka samaki kiasi kwamba Atem alisema litapanda milima likifuatwa na paka, na marehemu, ambaye hatukuwahi kumjua kama mtu wa mzaha, akajibu kwamba paka wenyewe hawatalifikia. Alianza pia kuongea, alianza kuimba kanisani kwa sauti ambayo kwaya iliomba aipunguze, na alipomuuliza mkewe kama sasa ameridhika, mama alimwambia kwamba gia ameshapata, amebakiwa na usukani tu, na yeye akajibu, "Siku moja."

Ijumaa tarehe 17 Mei 2013, baada ya wiki mbili za kuvimba miguu na kukosa pumzi, marehemu alipimwa hapa Lodwar, akaambiwa moyo wake umepanuka na nguvu zake zimepungua, akapewa dawa, akakatazwa chumvi, akakatazwa kubeba mizigo, akakatazwa kuendesha. Chumvi aliiacha siku hiyohiyo. Kuhusu kuendesha, alimjibu daktari kwa heshima kwamba atajitahidi kupunguza, na mama alipomwambia basi ampe yeye ufunguo, mzee alinuna siku tatu. Alimweleza Atem peke yake kilichomsumbua, na Atem ameturuhusu tukiseme leo, kwamba hakuwa na shaka na akili ya mkewe, aliogopa kiti cha kushoto, kwa sababu dereva akihamia kushoto amekuwa mzigo, na mzigo hauulizwi unakwenda wapi.

Alhamisi tarehe 19 Septemba walikwenda Kakuma kupeleka samaki, na Jumamosi tarehe 21, saa nane mchana, wakiwa katika gereji ya Atem, marehemu aliketi juu ya tairi akashindwa kuinuka, pumzi ikawa fupi. Wahudumu wa kliniki ya karibu walimpa huduma ya kwanza, wakasema afikishwe Lodwar bila kuchelewa, lakini gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda Lokichoggio na mgonjwa mwingine, na hapo akaja Aregae, dereva mwenzake kwa miaka ishirini, mtu asiye na doa barabarani, akiwa na Land Cruiser, godoro limetandikwa nyuma, injini inanguruma. Watu wakamshika marehemu wamnyanyue. Ndipo Mama Asekon akaingiza mkono kifuani, akatoa kijitabu chekundu kilichofungwa kwa mfuko wa nailoni, akampa mumewe mbele ya watu wote, na marehemu akakifungua, akakuta picha ya mkewe, jina la mkewe, na leseni ya udereva iliyotolewa mwaka 2009. Alisoma tarehe, akahesabu, akauliza kwa shida, "Ni wakati ule ulienda Kitale kuuguza dada yako?" na mama akajibu, "Dada alipona siku ya pili." Atem anasema kila mtu katika gereji alingoja mzee akasirike, kwa sababu alikuwa amedanganywa miaka minne. Marehemu alikifunga kile kijitabu, akamrudishia mwenyewe, akamgeukia rafiki yake, akasema, "Aregae, ndugu yangu, asante sana, lakini mimi niko na dereva." Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akaingia kwenye Bado kwa mlango wa kushoto.

Mama Asekon aliwasha, na hapo watu wa Kakuma wakafanya kosa ambalo sote tungelifanya, wakaanza kupiga bodi na kupaza sauti, "Mama, kanyaga! Kanyaga, mzee anaenda!" lakini yeye aliondoka taratibu, mshale haujapita elfu tatu, akapita soko, akapita kituo cha polisi, waendesha pikipiki wakimpita na kumpungia mikono akimbie, wengine wakisema huyu mwanamke ameogopa, na yeye, macho kwenye mshale wa joto, machozi yakimtoka, alijibu kila mtu kwa dirisha lililo wazi, "Bado." Alijua akilichapa likiwa baridi litamfia njiani, na njiani hakuna Atem. Mji ulipoishia, mshale ukafika katikati. Kwenye laga ya kwanza, mto mkavu uliojaa mchanga, alipunguza hadi namba mbili, akapandisha kidogo mapema, na mumewe akafungua jicho moja, akasema, "Ungengoja." Hilo ndilo neno pekee alilosema njia nzima. Kuanzia hapo mama aliliachia gari lipande, elfu sita, elfu saba, filimbi, gia ya tatu, filimbi, ya nne, akikwepa mashimo ambayo aliyajua moja moja, kwa sababu aliyahesabu kwa kiuno chake miaka thelathini akiwa abiria, na Aregae, aliyewafuata nyuma kwa Land Cruiser, anasema aliona vumbi, kisha hata vumbi hakuliona. Alitumia saa mbili kasoro dakika kumi. Lakini furaha yake haikuwa kamili, kwa sababu alipotazama kushoto mzee alikuwa amefumba macho, kichwa kimelala, hajibu, na tangu siku ile hadi jana jioni Mama Asekon amekuwa akituambia jambo moja, kwamba mumewe alizimia baada ya laga ya kwanza, kwa sababu kama angekuwa na fahamu zake asingenyamaza kilomita mia moja akiendeshwa na mwanamke.

Alipofika hospitalini, mlinzi alimwomba asogeze gari kivulini, na mama akamwambia kwamba akitaka kivuli akilete kwa gari. Marehemu alipokelewa, akawekewa hewa, akazinduka, akakaa nasi siku mbili zaidi, siku njema, akila ugali usio na chumvi kwa malalamiko, akiwasimulia wagonjwa wenzake habari ya injini isiyo na pistoni mpaka muuguzi akaweza kuichora. Jumatatu tarehe 23 Septemba 2013, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkewe akiwa ameshika mkono wake, moyo wake ulisimama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu mwezi wa tano na kumvumilia katika habari ya chumvi, wahudumu wa Kakuma waliomwahi, mapadre na kwaya, ambayo sasa inaweza kuimba sauti zake zote bila kusumbuliwa, majirani wa Nakwamekwi mliobeba maji na kuni kwa siku tano, madereva wenzake wa malori ya chakula mliokuja na magari yenu na kuyaegesha juani kwa sababu kivuli chote mmewaachia wazee, ndugu zetu wa kambi mliotafuta ruhusa ya kusafiri ili mje kumzika, Atem Bior, ambaye hakuwahi kuchoka kukausha plagi, na Aregae, aliyekubali kukataliwa mbele ya watu na bado akafuata nyuma.

Limebaki jambo moja, na jambo hili halimo kwenye nakala aliyoonyeshwa Mama Asekon. Jumapili jioni, mama alipotoka kwenda kuoga, marehemu aliwaita binti yake mkubwa na Aregae, akawapa neno, akawaapisha wasilitoe mpaka siku ya kumzika, akisema kwamba mama akilisikia yeye akiwa hai atavimba kichwa na nyumbani hapatakalika. Mama Asekon, mumeo alisema hakuzimia. Alisema dereva halali gari likiwa mikononi mwa mwingine, wewe unajua, madereva wote hapa wanajua, anakaa macho, mguu wake wa kulia unakanyaga breki isiyokuwepo, na kwamba tangu mwaka 1976 yeye hakuwahi kufunga jicho kwenye gari la mtu yeyote, hata la huyu Aregae. Alisema baada ya laga ya kwanza alikuwa macho kabisa, amejiandaa kukukemea, akasikiliza injini ikipanda, akajiambia sasa, na sekunde hiyohiyo akasikia gia ya tatu inaingia. Akangoja ya nne, nayo ikaingia mahali pake. Basi akaona hana kazi tena ndani ya gari lile, akalala usingizi, kwa hiari yake, mpaka Lodwar, na akasema haukupata kuwapo usingizi mtamu kama ule katika maisha yake.

Silvano Ekiru Lokaale, mwana wa mvua, mama ameambiwa. Endelea kulala, mkeo yuko kwenye usukani. Pumzika kwa amani.